Mifuko kwenye Migunga ya Njiru

Fomu ya bima ya nyumba ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, na swali lililonisumbua lilikuwa katika ukurasa wa pili, kati ya swali la aina ya paa na swali la umbali wa nyumba ya jirani. Liliuliza kama mahali pa kujengea pamewahi kufurika maji. Kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, vidogo kama punje za mchele, na kalamu yangu ilisimama katikati yao.

"Andika hapana," Baba akasema. Alikuwa mezani anakunywa chai, kofia ya kazi bado kichwani.

"Tunajuaje, Baba?"

"Tunajuaje nini? Huo mto si umeuona? Mbuzi anauruka bila kukimbia."

Mama alicheka kutoka jikoni. Mimi pia nilicheka, lakini sikuandika. Nilijaza ukurasa wa tatu na wa nne, nikarudi wa pili, nikalikuta swali bado linaningoja.

Tangu nivae joho la chuo kikuu, kila karatasi yenye nukta za kujaza pale kwetu Kaloleni iliniangukia mimi. Majirani nao walileta zao: fomu za shule, za vitambulisho, za kamati za mazishi. Hii, lakini, nilikuwa nimeileta mwenyewe. Baada ya karibu mwaka mzima wa kutuma barua za kuomba kazi, nilikuwa nimepata kibarua cha kupanga mafaili katika ofisi ndogo ya wakala wa bima mjini. Wiki mbili za kwanza niliyasoma mafaili badala ya kuyapanga. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuwaza mabaya yanayoweza kutokea, na wanalipwa. Mimi nilikuwa nikiifanya kazi hiyo bure tangu utotoni.

Baba alikuwa karani wa ghala la mizigo la reli, na katikati ya mwaka ule angestaafu. Nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikuwa ya baraza la jiji, haikuwa yetu. Chetu kilikuwa kiwanja kule Njiru, chembamba na kirefu kama kitambaa cha kichwa, kilichoanzia barabara ya murram na kuteremka hadi mtoni. Akiba yake ya kuanzia na malipo yake ya kustaafu yangejenga nyumba moja. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, lakini sote tulijua: ikiharibika hiyo, hakuna nyingine.

Mahali pa kuijenga alikuwa ameshapachagua, chini kabisa, hatua chache kutoka mtoni. Mama aliuza mboga za kienyeji katika soko la Jericho, na Baba alitaka apate mrenda na kunde mlangoni mwake, na maji ya kumwagilia karibu. Fundi alikuwa ameanza kuchimba msingi. Jumapili moja baada ya ibada wazee wa kanisa na akina mama walikuja wakaimba, wakaomba, na mzee mmoja akaweka jiwe kwenye kona. Nyumba ilikuwa imeombewa kabla haijawa nyumba.

Kuhusu mafuriko, Baba hakuwa mtu wa kufundishwa. Alizaliwa magharibi, katika nchi tambarare kando ya mto mkubwa uliovunja kingo zake karibu kila mwaka. Tulikua tukisikia habari zake: jinsi maji yalivyobadilika rangi siku tatu kabla, jinsi siafu walivyopanda ukutani, jinsi bibi yangu alivyobeba mtama kwanza, kisha kuku, kisha watoto. "Mto wa kwetu," alikuwa akisema, "hutuma habari kwanza, kama mgeni mwenye adabu." Kwa mtu wa namna hiyo, kile kijito cha Njiru, cheusi, chenye harufu ya sabuni na mafuta ya gari, hakikustahili hata jina la mto. Alikiita mtaro.

Jumatatu nilimuuliza mkuu wangu ofisini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na alikuwa ameshughulikia madai ya watu kwa miaka mingi hata hakushangazwa na jambo lolote.

"Madam, mtu akikatia nyumba bima, si mafuriko yamo ndani?"

"Bima gani?"

"Ya nyumba. Ile ya moto."

"Ya moto inalipa moto." Aliniangalia juu ya miwani. "Mafuriko ni nyongeza. Unayaomba, yanaandikwa kwenye mstari wake, na unayalipia. Usipoyaomba, hayamo. Na vitanda na sufuria zako havimo pia, hiyo ni bima nyingine. Watu wengi huja hapa wamelowa ndipo wasome karatasi."

Akavuta faili moja kabatini, akanipa nisome. Lilikuwa la mwenye duka mmoja katika wilaya ya mbali, karibu na mto. Kwenye swali langu lile alikuwa ameweka alama kwenye Hapana. Maji yalipokuja na kuchukua kila kitu, kampuni ilimtuma mtu kwenda kuangalia. Duka lilikuwa limepakwa rangi mpya, halikuonyesha kitu. Lakini mtu yule alizunguka nyuma, akaenda chooni. Ukuta wa choo haukuwa umepakwa rangi tangu ujengwe, na juu yake kulikuwa na mistari mitatu ya tope la zamani, mmoja juu ya mwingine. Dai likakataliwa.

"Kwa hivyo alidanganya?" nikauliza.

"Labda. Labda alinunua duka kwa mtu mwingine na hakuuliza. Lakini alikuwa akienda choo kile kila siku."

"Sasa mtu atajuaje? Akimuuliza aliyemuuzia, huyo atasema hapana."

"Usimuulize anayeuza. Angalia vitu ambavyo hakuna aliyevipanga." Akanirudishia mafaili mengine. "Na hizi zipange, tafadhali. Ndiyo kazi niliyokuajiri."

Siku tano nilitembea na maneno yale. Nilianza kuangalia kuta za vyoo mtaani. Nilitazama miguu ya vibanda sokoni, ngazi za maduka, mizizi ya miti. Niligundua kwamba katika ofisi ya posta kulikuwa na alama ya maji kwenye miguu ya meza, nikasimama pale hadi mtu nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza, "Sista, meza unainunua?"

Jumamosi nilienda Njiru peke yangu.

Fundi alikuwa ndani ya mtaro wa msingi, kifua wazi, akitupa nje udongo mweusi unaonata. Alikuwa kijana wa Jericho, mcheshi, tuliyewahi kusoma naye shule moja ya msingi.

"Niaje, msomi! Umekuja kukagua?"

"Poa. Nimekuja kuangalia tu."

"Angalia. Kuangalia ni bure."

Niliangalia. Hapakuwa na choo wala ukuta, wala jirani wa karibu. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono, maana ulikuwa mwezi wa pili na mvua haikuwa imenyesha kwa majuma mengi. Nikakumbuka kwamba kila mara tulipokuja kukiona kiwanja kile ilikuwa Jumapili ya kiangazi, tukiwa na viatu vya kanisani. Hata siku aliyetuuzia alipotuleta, tulitimua vumbi.

Kando ya mto ilisimama migunga minne, na kwenye matawi yake ilining'inia mifuko ya nailoni. Kwa mtu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji, hicho si kitu cha kutazama. Mifuko iko kwenye kila ua, kila waya, kila mti. Upepo huipeleka popote. Niliitazama kwa sababu tu sikuwa na kingine cha kutazama. Kisha nikageuka nikatazama juu, kwenye ua wa waya kando ya barabara. Kule nako kulikuwa na mifuko, lakini ilikuwa imetapakaa: mmoja chini, mmoja juu, mmoja katikati, ikipepea. Hii ya mtoni haikupepea. Ilikuwa imejisokota kwenye miiba pamoja na nyasi kavu, matambara na nyuzi, na mikia yake yote ilielekea upande mmoja, upande mto unakoelekea. Na ilikoma yote kwenye kimo kimoja, juu kidogo ya kichwa changu. Juu ya hapo matawi yalikuwa safi.

Nilienda mti wa pili. Kimo kilekile. Wa tatu, kilekile. Nilijisemea kwamba upepo hauna sababu ya kukoma mahali pamoja kwenye miti minne.

"Fundi, hii mifuko imefikaje hapa?"

"Hizo ni juala tu, siz. Upepo."

"Mbona yote iko sawa?"

Alitoka mtaroni akaja, akafuta jasho, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Aisee," akasema. Halafu: "Usimwambie mzee ni mimi nimesema."

"Hujasema kitu."

"Ndiyo. Na usimwambie."

Sikuweza kujua kama kimo kile, pale mtoni ambapo ardhi ni ya chini, kilikuwa juu au chini ya nyumba yetu. Macho hudanganya kwenye mteremko. Lakini mafundi wana kifaa chao: mpira mrefu unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Unashika ncha moja kwenye kona hii, mwenzako anashika ya pili kwenye kona ile, na maji katika ncha zote mbili husimama sawasawa, hata kama mmesimama mbali na mmoja yuko bondeni. Hivyo ndivyo wanavyohakikisha msingi hauendi upande. Wa fundi wetu ulikuwa umezungushwa kwenye mpini wa sepetu.

"Huo mpira unafika hadi kwenye miti?"

"Unafika. Lakini leo haufiki," akasema. "Kesho mzee akiwepo, ndiyo utafika. Mimi sitaki kufutwa kazi na juala."

Jumapili tulikuja sote watatu. Njiani nilimweleza Mama, kwa sauti ya chini, na Mama akamweleza Baba kwa sauti ya kawaida.

"Mifuko?" Baba akasema. "Serikali ilinikata kodi miaka yote hiyo ili mtoto wangu asomeshwe kuogopa mifuko?"

"Baba, ni kupima tu. Dakika tano."

"Wazee wa kanisa wameiombea kona hii."

"Waliombea nyumba," Mama akasema, "hawakuombea shimo. Mwache mtoto apime."

Baba alimpa fundi ishara kwa kidevu.

Fundi alishika ncha moja pale juu ya kichwa chake, kwenye mfuko wa juu kabisa wa mgunga wa karibu. Mimi nilisimama kwenye ile kona yenye jiwe la maombi, nikaushikilia mpira kwenye kigingi kirefu. Maji ndani yake yalipanda, yakashuka, yakapanda tena. Kisha yakatulia, juu kidogo ya kiuno changu.

"Hapo ni wapi kwa nyumba?" Mama akauliza.

Fundi alifunga ncha yake pale mtini, akaja akapima kwa tepu kutoka kwenye kamba ya msingi, ambapo sakafu ingekuwa. "Hapo, mathe? Ni dirishani. Kitanda kimeshazama, meza imezama, mzee akiketi kwenye kochi anabaki na kichwa na kofia."

Baba aliuchukua mpira mikononi mwangu, akautazama yeye mwenyewe, akapiga maji kwa kidole yakayumba, akangoja yatulie. Yalirudi palepale.

"Ni upepo," akasema, lakini taratibu. "Mtaro huu hauwezi kutoa maji hayo. Yatatoka wapi? Hakuna mlima hapa."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo, na nilikuwa karibu kuamini kwamba nimewasumbua watu bure. Mama ndiye aliyeenda kwenye mgunga. Alivuta mfuko mmoja, akaukung'uta tope kavu, akaunyoosha kwenye goti lake kama mtu anayekunja nguo. Ulikuwa umepauka, lakini picha ilionekana: jogoo wa buluu.

"Huyu jogoo namjua," akasema.

Tulimjua sote. Ulikuwa mfuko wa duka la nafaka lililokuwa karibu na meza ya Mama kule Jericho. Lilikuwa limefungwa miaka miwili iliyopita, mwenyewe akarudi kwao. Hakuna duka lingine lililotumia jogoo yule.

"Upepo umemtoa Jericho hadi hapa?" Mama akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua.

Baba aliushika mfuko. Nilimwona akitazama upande wa mjini, ambako mto ulitokea, na midomo yake ikitembea kidogo, kama alipokuwa akihesabu mabehewa. Mtu wa ghala la mizigo alijua jambo moja vizuri kuliko sote: kitu hakifiki mahali bila njia.

"Mitaro ya Jericho inamwaga wapi?" akauliza.

"Mtoni," fundi akasema.

"Na ya Kaloleni?"

"Mtoni pia, mzee. Kila mtaa. Mitaa yote, na mjini kwenyewe."

"Kila paa," Baba akasema. "Kila barabara ya lami. Yote ni reli ndogo ndogo, halafu hapa ndipo zinapokutana." Kisha akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Mto wa kwetu ulikuwa na siku tatu za kutuonya. Huu utakuwa na saa mbili, tatu."

Yote niliyokuwa nimesoma katika mafaili hayakuwa yameniambia hilo. Nilikuwa nimeudhani mto ni kitu cha pale Njiru, kumbe ulianzia kwenye vigae vya nyumba yetu wenyewe. Maji niliyoyasikia utotoni yakipita kwenye mfereji chini ya dirisha langu yalikuwa yakielekea hapa miaka yote, kabla hatujakinunua kiwanja.

Baba aliupanda mteremko. Alitembea polepole, mikono nyuma, viatu vya kanisani vikijaa vumbi, na sisi tukamfuata na ncha yetu ya mpira. Kila hatua chache alisimama akasema, "Pima." Mara ya tatu maji ya mpira yalisimama kwenye vidole vya miguu. Alipanda tena, hatua ishirini hivi, hadi karibu na barabara. Akachukua nyundo kwa fundi, akapigilia kigingi mwenyewe.

"Mzee," fundi akasema, "na lile shimo nimechimba wiki nzima?"

"Panda nduma ndani yake," Mama akajibu badala yake. Kisha akamgeukia Baba. "Maji nitayabeba. Heri mimi niyafuate kuliko yanifuate."

Lile jiwe la kona Baba alilibeba mwenyewe hadi juu, begani, na suti yake ya Jumapili. Hakutaka kusaidiwa. Wazee wa kanisa hawakuwahi kuuliza kwa nini lilihama.

Jioni ile tuliketi mezani na fomu. Niliweka alama kwenye Ndiyo. Palikuwa na mistari miwili ya maelezo, nami nikaandika minane, hadi pembeni mwa karatasi: mifuko, kimo, mpira, kigingi kipya. Baba alisoma yote, akasahihisha neno moja, akatia sahihi.

Madam aliisoma siku iliyofuata akiwa amesimama. "Hii si fomu," akasema, "hii ni barua ya mapenzi." Lakini aliipeleka. Kampuni ilimtuma mtu, akaitazama migunga, akapima kwa kifaa chake cha miguu mitatu, na nyongeza ya mafuriko ikaandikwa kwenye mstari wake, kwa sharti kwamba hapo chini pasijengwe kitu. Madam aliniambia kwamba nyumba ingekuwa pale pa kwanza, kampuni ingekataa nyongeza. Na kama ningeandika Hapana, ingekubali, ikapokea malipo yetu mwaka baada ya mwaka, kisha ikatafuta choo chetu.

Mvua ilianza mwezi wa nne, alasiri moja ya Jumamosi. Ilipiga vigae vya Kaloleni hata hatukusikizana. Baba alisimama barazani akitazama mfereji. Maji yalikuwa yamejaa, ya kahawia, yakibeba maganda ya ndizi, kandambili moja, mifuko. Akaingia ndani, akatoka na chupa tupu ya plastiki ya mafuta ya kupikia. Alikuwa ameifunga kipande cha kadi kwa waya, jinsi walivyofanya kwa mizigo ghalani, na juu yake ameandika KALOLENI – NJIRU. Akaitia kwenye mfereji, akatazama saa yake.

"Baba, unafanya nini?"

"Natuma mzigo," akasema. "Nataka kujua ratiba."

Kesho yake hatukungoja ibada iishe. Kuta za nyumba yetu mpya zilikuwa zimefika magotini, na zilikuwa zimelowa mvua ya juu tu. Chini, mto ulikuwa tayari umerudi mahali pake, mdogo, mwenye haya, mbuzi angeuruka. Lakini ule mtaro wa msingi wa zamani ulikuwa umejaa tope hadi juu, laini kama uji, na kwenye kigingi cha kona, pale nilipokuwa nimesimama na mpira, nyasi zilikuwa zimejisokota hadi magotini pangu.

"Magoti tu," Baba akasema. Katika sauti yake nilisikia kama masikitiko kidogo.

"Hii ni mvua ya siku moja," nikasema. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza ya wiki moja, na kama kigingi cha juu kilitosha.

Tulitafuta ile chupa kwenye miti yote minne, Mama akiwa amekunja gauni. Kulikuwa na mifuko mipya, bado inachuruzika. Chupa haikuwepo.

Baba alisimama ukingoni akitazama upande mto unakoelekea, akapandisha saa yake mkononi.

"Imepita," akasema. "Hapa si kituo tena."

Kisha akageuka, akatushika mikono mmoja mmoja, akatupandisha mteremko uliokuwa ukiteleza, kuelekea nyumbani.